Maji Yanachafuliwa, Wewe Unamngoja Waziri?

Mpaka lini?

Nakuuliza wewe wa Tunduma, wewe wa Mlowo, wewe wa Mkwajuni, wewe wa Kamsamba unayekula samaki wa Rukwa. Mpaka lini tutakuwa hodari wa kunung'unika kisimani na mabubu wa mkutanoni?

Maji yakinuka tunaziba pua. Yakibadilika rangi tunayaacha yatuame kwenye ndoo. Ng'ombe akianguka tunasema ndigana. Mtoto akitoka vipele tunampaka mafuta ya mgando na kusema ana ngozi nyepesi. Hasira zikizidi tunapiga simu redioni, tunalalamika dakika 2, mtangazaji anatushukuru, tunarudi kulala.

Halafu tunamngoja waziri. Aje na msafara na kamera, amfokee meneja mbele ya watu, atoe siku 7, apigiwe makofi, apande gari. Siku 7 zinapita. Miezi 7 inapita. Maji ni yaleyale.

Fimbo ya mbali haiui nyoka, ndugu yangu. Waziri yuko Dodoma. Nyoka yuko kwenye dumu lako.

Tangu mkoa wetu wa Songwe ulipokatwa kutoka Mbeya mwaka 2016, wimbo ni mmoja: fursa. Na fursa zipo, sibishi. Dhahabu ipo wilayani Songwe, kwenye ukanda uleule wa Lupa ambao watu walianza kuukimbilia miaka ya 1920. Makaa ya mawe yapo Ileje. Kahawa ipo Mbozi. Tunduma ni lango la nchi za kusini, malori hayakati usiku wala mchana. Lakini kila fursa katika hizo ina maji yake machafu, na maji hayo hakuna anayeyaimba.

Chukua dhahabu. Kijana amesimama kwenye mwalo, mikono mitupu, anafikicha zebaki na mchanga ndani ya karai. Akipata donge analichoma hapohapo, moshi unampiga usoni. Maji yaliyobaki anayamwaga. Marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa, yanauzwa kwa mwenye mtambo wa sianidi, na mtambo una bwawa lake la maji ya sumu, na bwawa hilo likivuja wakati wa masika maji yake hayapandi mlima. Yanashuka bondeni, unakoishi wewe. Nchi yetu iliridhia Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki mwaka 2020. Zebaki bado inauzwa na bado inamwagwa.

Na zebaki haiozi! Ikifika kwenye tope la mto, vijidudu huigeuza ikawa ya aina inayoingia mwilini mwa samaki. Samaki mdogo analiwa na mkubwa, mkubwa anavuliwa, anafika sokoni, anafika kwenye sufuria yako. Mama mjamzito akimla, sumu inapita hadi kwa mtoto tumboni na kuugusa ubongo wake kabla hajaiona dunia.

Sasa kumbuka jiografia ya darasani. Ziwa Rukwa lina mito inayoingia. Momba unaingia. Songwe unaingia, ule wa kaskazini, si ule wa mpakani na Malawi. Lupa unaingia. Mto unaotoka Rukwa ni upi? Haupo. Ziwa lile halina pa kutolea. Kilichoingia humo, kama hakiozi, kimekuja kukaa. Ukimwaga leo Mkwajuni umewawekea akiba wajukuu wa Kamsamba.

Njoo Mbozi wakati wa msimu wa kahawa. Mtambo wa kumenya unahitaji maji mengi, na yanatoka yamejaa maganda, sukari na ule utelezi wa tunda. Yakiachiwa kijitoni yanachacha, yanakula hewa yote iliyomo majini, samaki wanaelea, na mama wa bonde la chini anateka maji ya kahawia yanayonuka uchachu. Sumu ya kigeni hapo hakuna. Mashimo machache ya kutuamisha na kuchuja yangetosha. Lakini mashimo yana gharama, na kijito ni cha bure. Kwa nini mwenye mtambo achimbe shimo ikiwa hakuna anayemdai?

Hapo ndipo penye ugonjwa wetu. Kuchafua maji ya Songwe ni bure kwa sababu wewe na mimi tumekufanya kuwe bure.

Utaniambia sheria haipo upande wetu. Nani kakudanganya?

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 unaijua vizuri sana, ila unaijua kipande kimoja, kile kilichokung'olea mchicha. Kifungu cha 57: hakuna shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mgambo walikuja na futi kamba, wakapima kutoka majini, wakafyeka vinyungu vyako, nawe ukatazama bila neno kwa sababu uliambiwa ni sheria.

Sawa. Ni sheria. Rudi basi nyuma, kwenye kurasa za mwanzo za sheria hiyohiyo. Kifungu cha 4 kinasema kila anayeishi Tanzania ana haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Kifungu cha 5 kinasema haki hiyo ikitishiwa, unaweza kwenda mahakamani. Wewe. Kuomba uchafuzi usimamishwe. Kuomba aliyeharibu arudishe hali ilivyokuwa. Kuomba aliyeumizwa alipwe. Na sikiliza hili: hata kuomba mahakama imlazimishe mtumishi wa umma afanye kazi anayolipwa mshahara kuifanya.

Kifungu cha 57 kinakufahamu. Kifungu cha 5 hujakifahamu. Wenye nguvu wanafurahi ibaki hivyo.

Na usiseme ni maneno ya kwenye karatasi. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, walichoshwa na jaa la Halmashauri ya Jiji lililokuwa likiwaka moto na kuwapulizia moshi na uvundo majumbani. Hawakungoja waziri. Walikwenda Mahakama Kuu na wakashinda. Jiji likaambiwa liache. Jiji likarudi kuomba muda, likapewa, likarudi tena. Mwishowe Jaji Lugakingira akasema basi: haki ya kuishi iliyo katika ibara ya 14 ya Katiba haiwezi kuwa na maana ikiwa watu wanawekwa kwenye hatari ya namna hiyo. Jaa likahamishiwa Kunduchi Mtongani. Wakazi wa huko nao, mwaka 1991, wakaandika majina yao 795 na kwenda mahakamani. Nao wakashinda.

Mia saba tisini na tano. Sisi kwenye mkutano wa mtaa tukiambiwa nani yuko tayari kusaini, tunatazama viatu.

Nimekaa kwenye mikutano hiyo. Nimesikia sauti zikipanda mpaka bati linatetemeka. Kisha mtu anatoa karatasi na kalamu, anasema, "Haya, tuandike majina." Ghafla mmoja anakumbuka ameacha ugali jikoni. Mwingine anasema yeye ni mgeni mtaa huu. Mwingine anasema shemeji yake ameajiriwa kwenye kiwanda hichohicho tunachokilalamikia. Karatasi inarudi na majina matano, mawili hayasomeki.

Unadhani mwenye kiwanda hajui? Anajua. Ndiyo maana halali macho.

Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Na mwenzetu ananyolewa hapo ng'ambo ya geti la mpaka wa Tunduma.

Kila siku malori ya shaba kutoka Zambia yanapita katikati ya mji wetu, na yanayorudi huko yanapita na salfa ya kutengenezea asidi ya migodini. Tunajua jina la baa wanayolala madereva. Tunajua nini juu ya watu wanaoishi shaba hiyo inakotoka?

Mwaka 2006 bomba la mabaki ya mgodi wa Nchanga lilipasuka, asidi na vyuma vikaingia kwenye maji wanayokunywa watu wa Chingola. Watu 2,001 wakaishtaki kampuni ya Konkola Copper Mines. Mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Zambia ikawapa ushindi wote, na fidia kila mmoja. Walikuwa na haki ya kufurahi.

Kampuni ikakata rufaa. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Zambia ikasema kampuni ina hatia, hilo halina ubishi, imechafua. Lakini fidia? Watalipwa wale tu walioleta ripoti za daktari. Na walioleta walikuwa 12.

Soma tena. Watu 2,001 walikunywa. Watu 12 walipewa haki ya kulipwa. Wengine wote waliumwa kweli, walihara kweli, walikohoa kweli, lakini hawakuwa na karatasi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na afya nayo ni mali.

Sasa nionyeshe daftari lako la zahanati. Lile la kurasa 40 ulilonunua dukani kabla ya kumwona daktari, akaandika kwa wino wa bluu tarehe, uzito, "tumbo, siku 4", akagonga muhuri. Liko wapi? Nitakwambia liko wapi. Mtoto amechorea gari kwenye kurasa za nyuma, na kurasa za mbele zimefungia karanga. Ule ulikuwa ushahidi wako! Tarehe ile, pamoja na tarehe ya jirani yako, pamoja na tarehe za watu 30 wa bonde moja walioumwa wiki moja baada ya bwawa kuvuja, ndiyo kesi yenyewe. Umeila na karanga.

Vijiji vingine vya Chingola vilijifunza. Wakaona kampuni mama iko London, wakaifuata London. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ya Uingereza ikakubali kwamba wakulima 1,826 wa Zambia wanaweza kuishtaki kampuni mama hiyo, Vedanta, hukohuko ilikosajiliwa. Januari 2021 kampuni ikakubali kumaliza madai ya watu 2,571 nje ya mahakama. Ni wakulima wa mahindi na viazi hao. Hawana kitu usichokuwa nacho wewe, isipokuwa waliandika majina.

Na ukidhani ni habari za zamani, tarehe 18 Februari 2025 bwawa la kampuni ya Sino-Metals huko Chambishi lilibomoka, lita zipatazo milioni 50 za maji yenye asidi zikaingia kijito cha Mwambashi na kutoka huko kwenda Mto Kafue. Samaki wakafa, mazao yakaungua, mji mzima wa Kitwe ukafungiwa maji ya bomba. Wakulima wakaenda mahakamani mwaka huohuo. Mwaka huohuo, nimesema. Sisi tungekuwa bado tunachagua nani aende kwa mtendaji wa kata.

Tazama na nyumbani. Mei 2009 maji yenye asidi yalivuja kutoka mgodi wa dhahabu wa North Mara kwenda Mto Tigithe. Mei 2019, miaka 10 baadaye, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) liliupiga mgodi huohuo faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa bwawa la maji ya sumu linalovuja. Tulishangilia faini. Hivi uliwahi kujiuliza faini inakwenda wapi? Inakwenda serikalini. Haiendi kwa mama aliyepoteza ng'ombe. Haiendi kwa kijana mwenye vidonda miguuni. Serikali inatoza faini kwa ajili ya serikali. Fidia yako inadaiwa na wewe, mahakamani, kwa jina lako. Ukikaa kungoja faini ya NEMC ikuponye, utangoja mpaka uzikwe.

Machi 2022, samaki wakaelea Mto Mara na maji yakawa meusi. Kamati ikaundwa, ikarudi na jibu kwamba chanzo ni kinyesi na mkojo wa ng'ombe na mimea iliyooza. Nchi nzima ikahamaki. Lakini kuhamaki si ushahidi. Ripoti ya maabara hujibiwa kwa ripoti ya maabara. Siku mto wetu ukigeuka rangi, kamati itakuja na chupa zake na muhuri wake. Wewe utakuwa na nini? Picha ya simu isiyo na tarehe?

Najua mnachonong'ona. Kesi ya nyani umpelekee ngedere? Mwenye kiwanda ana mawakili, ana marafiki, ana pesa. Ni kweli anazo. Watu wa Owino Uhuru kule Mombasa walikuwa na nini? Mabanda ya mabati karibu na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Madini ya risasi yaliingia kwenye hewa yao, kwenye maji yao, kwenye damu ya watoto wao. Mama mmoja aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, Phyllis Omido, alipimiwa mwanawe akakutwa na risasi mwilini. Alikamatwa, alitishwa, hakunyamaza. Kiwanda kikafungwa mwaka 2014. Kesi ikafunguliwa 2016. Julai 2020 mahakama ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na waliobebeshwa mzigo hawakuwa kampuni peke yake: mamlaka ya mazingira ya serikali nayo iliwajibishwa kwa kutotimiza kazi yake. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ikaiondoa fidia hiyo. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha.

Miaka 8 kutoka kufungua hadi hukumu ya mwisho. Sikufichi. Ni safari ndefu na wengine walifariki njiani. Lakini niambie wewe uliyenyamaza miaka 8 umepata nini.

Wengine mnasema tukishtaki kiwanda kitafungwa, vijana watakosa kazi. Nani kaomba kiwanda kifungwe? Tunaomba kichimbe mabwawa, kitandike plastiki, kisafishe maji yake kabla ya kuyaachia, kama Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inavyotaka. Kazi inayomlipa baba na kumpa mtoto sumu ni biashara ya nani?

Na usitegemee kwamba kuna mwanaharakati wa Dar es Salaam atakayekufanyia. Wakili wa mjini hajanywa maji ya Momba. Umekunywa wewe. Mlango wa mahakama uko wazi kwako, nawe umeufanya wa kuegemea.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Iname basi.

Andika barua. Si simu, si ujumbe wa WhatsApp: barua, kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Rukwa pale Mbeya, au ya Ziwa Nyasa kama maji yako yanashukia huko, na nakala kwa NEMC Kanda ya Nyanda za Juu Kusini. Eleza siku, mahali, rangi, harufu, wangapi wameumwa. Omba waje wachukue sampuli na wakupe majibu. Toa nakala mbili, na usiondoke dirishani mpaka nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe. Nakala ile yenye muhuri ina thamani kuliko hotuba 10. Wasipokuja, muhuri utasema waliarifiwa na hawakuja. Sampuli ya kesi iache ichukuliwe na anayejua, kwa utaratibu wa Mkemia Mkuu wa Serikali, maana chupa ya soda uliyojaza mwenyewe wakili wa kiwanda ataitupa nje kwa swali moja. Zahanati ikikwambia malaria haipo na bado unaumwa, omba rufaa kwenda Mbeya, kwa sababu kipimo cha malaria hakioni zebaki. Na daftari lile, kwa jina la Mungu, lifungie kwenye sanduku pamoja na vyeti vya watoto.

Pesa? Sheria ya Msaada wa Kisheria ipo tangu 2017, na wasaidizi wa kisheria wapo wilayani. Wanasheria wa LEAT wamekuwa wakishughulikia sheria za mazingira tangu 1994. Na hamlazimiki kila mmoja kufungua kesi yake: mahakama ikiruhusu, watu wachache wanashtaki kwa niaba ya kijiji kizima. Kijiji kinachoweza kuchangia harusi ya mtoto wa diwani kinaweza kuchangia nauli ya watu watatu kwenda Mahakama Kuu Mbeya.

Jambo moja zaidi, na ndilo linaloninyima usingizi. Kama unayemshtaki ni serikali au halmashauri, sheria inataka uwape notisi ya siku 90 kwanza. Na madai ya madhara ya namna hii yana ukomo wa miaka 3. Maji yaliyokuumiza mwaka juzi, saa yake inakwenda. Ikifika miaka 3 na hujafungua shauri, hakimu hatasikiliza umeumwa nini wala umezika nani. Ataangalia tarehe na kukurudisha nyumbani. Kesho ofisi zinafunguliwa saa 1 na nusu asubuhi. Nenda na barua yako.